Risala ya Chama cha Sanaa kwa Mgeni wa Heshima, Kisumu

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Picha ulizozipitia pale mlangoni ni kolaji: vipande vya magazeti, pakiti za unga na karatasi ya gugumaji vilivyobandikwa kwenye kadibodi. Wapo wanaouona huu mchezo wa chekechea. Lakini mwaka 1943, Robert Motherwell wa Marekani alikuwa na miaka 28, mgeni katika uchoraji, Peggy Guggenheim, mwenye ukumbi wa sanaa, alipomwalika atengeneze kolaji kwa maonyesho yake ya New York. Mwaka uliofuata, makumbusho ya sanaa ya Museum of Modern Art ikanunua mojawapo ya kolaji zake, "Pancho Villa, Dead and Alive". Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, naye alivuma kwanza kwa kolaji.

Anayeanza hufaidika kwa sababu kipande huhamishwa hata mara ishirini kabla ya gundi kuguswa. Rangi haina huruma hiyo.

Gundi, hata hivyo, ina masharti yake. Tunapika uji: vijiko 3 vya unga wa ngano huvurugwa kwa maji baridi kidogo, kikombe 1 cha maji moto huongezwa, kisha hukorogwa motoni hadi ung'ae na kuteleza. Kwa joto la huku huchacha upesi, na mende wanaupenda kuliko sisi. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiibandika papo hapo, itatanukia pale pale na kufanya mikunjo. Ipake, ngoja dakika moja ilegee, iweke, halafu isugue kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Ikikauka hujivuta, na kadibodi nayo ikapinda kama kigae. Dawa yake ni kubandika karatasi nyingine mgongoni, kufunika kwa plastiki, kisha kukandamiza kwa vitabu usiku kucha. Gazeti lina lignini, kile kinachoupa mti ugumu, ndiyo maana jua huligeuza manjano. Picha zetu tumezitundika mbali na dirisha.

Mgeni wa heshima, tunaomba mikasi 12, gundi nyeupe lita 5, na kabati lenye mlango unaofunga kabisa, mende wasiingie. Tena, siku ya tuzo, kolaji ishindanishwe na picha za rangi, isiwekwe kapu moja na vikapu na mikeka.

Tunaomba kuwasilisha.