Barua kwa Mwanangu: Msiombe Visa kwa Mafungu

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako kwamba hospitali ya Leeds imekukubali kazi ya uuguzi nimeupokea kwa sijida ya shukrani. Lakini maneno yako ya mwisho, kwamba utatangulia peke yako na mume atafuata mambo yakikaa sawa, yameninyima usingizi, na ndiyo maana nimeona nikuandikie barua ambayo mtaisoma wote wawili.

Unajua kwamba nilimfuata marehemu baba yako Muscat nikiwa mwalimu mwenye cheti cha ualimu cha Daraja la Tatu A. Usilolijua ni kwamba visa yangu ilikuwa ya kujiunga na familia tu, isiyoniruhusu kuajiriwa, na jambo hilo nililifahamu nikiwa nimeshafika. Kwa miaka minne cheti changu kililala sandukuni kimefungwa kwenye kanga, nami kila asubuhi nilisimama dirishani nikiwatazama watoto wakipanda basi la shule. Baba yako alikuwa mume mwema, hakuninyima kitu, lakini hata pesa ya kumtumia mama yangu ilinibidi niiombe. Sitaki mkwe wangu, fundi umeme anayeitwa kila nyumba Ngamiani, ayaonje hayo.

Kwa muuguzi anayekwenda Uingereza, alhamdulillahi, hali ni nyingine. Visa ya wafanyakazi wa afya inampa mumeo haki ya kuomba kama mtegemezi wako, tena kwa wakati mmoja na wewe, na akishaipata anaweza kuajiriwa, kujiajiri au kusoma. Asichoruhusiwa ni kazi ya uanamichezo wa kulipwa au ukocha. Tena nyote wawili mnasamehewa tozo ya huduma ya afya, ambayo kwa mtu mzima mwenye visa ya kawaida ya kazi ni pauni 1,035 kwa kila mwaka. Neno mtegemezi najua litamchoma, kwa hiyo mweleze wewe mwenyewe, kwa upole, kwamba ni jina la kwenye fomu. Hata hivyo aanze sasa kuuliza cheti chake cha chuo cha ufundi cha VETA kitatambuliwaje huko, kwa kuwa visa humpa mtu ruhusa ya kufanya kazi, haimpi sifa za ufundi.

Haki hiyo inategemea aina ya kazi utakayoitilia saini, na hapo ndipo ninapomhofia yule dalali anayekushawishi uanzie kwenye kuhudumia wazee. Tangu 11 Machi 2024, anayeingia kwa kazi hiyo haruhusiwi kufuatana na mwenzi wala watoto, na tangu 22 Julai 2025 waombaji walioko nje ya Uingereza hawapewi tena visa kwa ajili yake. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuuzia mlango uliofungwa, mwanangu, na simu yake usiipokee tena.

Kwa upande wa fedha, waulize waajiri wako kama watathibitisha kwamba watazibeba gharama za kujikimu, zako na za mumeo pia. Wasipofanya hivyo, itabidi muoneshe pauni 1,270 kwa ajili yako na 285 kwa ajili yake, zikiwa zimekaa benki siku 28 mfululizo, na fedha ya kuazima inayoingia leo na kutoka kesho haitawasaidia. Kila mmoja atahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, nacho hutumika kwa miezi 6 tu, basi msikimbilie kupima kabla karatasi nyingine hazijakamilika.

Karatasi inayonitia wasiwasi kuliko zote ni cheti cha ndoa. Jana nilikitoa kabatini nikakiweka kando ya nakala ya pasipoti yako: sheikh ameandika Ramadhani, pasipoti inasema Ramadhan, bila ile herufi ya mwisho. Kwetu sisi ni jina moja la babu yako, lakini afisa anayepitia maombi hakumjua babu yako. Nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili wa ndoa, uulize namna ya kulisawazisha, na ule kiapo cha maandishi mbele ya wakili kinachoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Njooni Ijumaa baada ya sala, na pasipoti zenu zote mbili, tuzisome herufi kwa herufi.

Mama yako