Barua ya wazi kwa vijana wa Kano mnaotaka kukodisha mashamba mnunue pikipiki

Wajukuu wangu wa Kondele, Ahero na Awasi, huku kwetu Kisumu,

Salamu kwenu. Habari za barabara, na habari za hesabu ya jioni, ile fedha mnayompelekea mwenye pikipiki? Sisi huku nyumbani tupo. Mto Nyando bado umetulia kwenye kingo zake, kwa hiyo hatujaanza kulia.

Nimeletewa maneno mawili kutoka kwenu. La kwanza lilisemwa matangani, mbele ya wageni: eti wazee walilala, ndiyo maana ninyi mmezaliwa maskini. La pili hamkulisema mbele yangu. Nasikia kuna mtu anazunguka na karatasi, anakodi mashamba apande miwa, analipa taslimu, na baadhi yenu mko tayari kumpa sehemu za baba zenu ili mpate malipo ya kwanza ya pikipiki. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa mimi naona ni jambo moja.

Tuanze na hilo la kulala. Kabla ya reli, mtu wa huku alikuwa na wimbi, mtama, ng'ombe na samaki. Rupia hakuwa nayo, wala haikumsumbua. Kisha serikali ya kikoloni ikatoza kodi kwa kila nyumba. Kodi ilipotakiwa kwa fedha, kijana ilimbidi aende fedha ziliko, kwenye mashamba ya walowezi na kazi za reli. Shamba likabaki kwa mama yake na mke wake. Wengi walirudi wakiwa wazee, na kipande cha kazi, kile kitambulisho cha mkoloni, kikining'inia shingoni. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuitwa watu wa kutafuta kazi, sisi tuliokuwa na kazi zetu.

Je, walinyamaza? Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, kule Gem, wakapinga kodi na kipande, na mpaka leo mkutano huo na harakati zake vinakumbukwa kwa jina la Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha kampuni ya akiba na biashara, wakichangisha shilingi za watu wa kawaida, ili duka na mtambo wa kuchapa magazeti visiwe vya watu wengine tu. Kampuni ilipata na kupoteza, kama biashara zote. Waliolala hawachangishani.

Ila sitaki mdhani kwamba nawasimulia habari za peponi. Kulikuwa na miaka ya njaa. Malale iliua watu wengi kando ya ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Na mwanamke hakuulizwa neno juu ya shamba alilolilima yeye. Ninachowaomba mtazame ni kitu kimoja tu: kila kazi yetu ilipokufa, nani alikuwa ameshika bei?

Chukueni wahunzi wa Samia. Walichimba mawe ya chuma vilimani kwao, wakayayeyusha, wakafua majembe yaliyosafiri mbali na kutolewa hata kwenye mahari. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia ya majembe ya kiwandani kutoka Uingereza ikawa wazi, nayo yalikuwa rahisi. Kutojua kazi hakukuwa shida ya mhunzi. Bei ya jembe ilikuwa imeanza kupangwa mahali asipopajua.

Ziwa ndilo linaloniuma zaidi. Zamani mitoni kulikuwa na kek, uzio wa fito na matete wa kukinga samaki waitwao ningu wanapopanda mto kutaga wakati wa mvua. Kila uzio ulikuwa na wenyewe, na mwenyewe alijua kwamba akiwamaliza samaki mwaka huu, mwakani ndiye atakayelala njaa. Nyavu za kunasa zikaingia ziwani kuanzia 1905. Ngege, wale perege wa ziwani, wakavuliwa hadi wakapungua. Mtafiti Mwingereza, Michael Graham, alilipima ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri matundu ya wavu yasipungue inchi tano. Baadaye kanuni hiyo ililegezwa. Ningu nao wakawa wanategewa nyavu mdomoni mwa mto kabla hawajataga, na kek ikabaki bila kazi.

Kisha akaja mbuta, yaani sangara. Waliomtia ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitaka samaki mkubwa wa kuvuliwa. Kwa miaka mingi hakuonekana sana, halafu miaka ya 1980 akajaa kila mahali. Fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina tuliokuwa tukiwaanika, wakatoweka wengi wao. Nakiri kwamba mbuta aliingiza fedha. Viwanda vikajengwa Kisumu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Na Ulaya walipofunga mlango zaidi ya mara moja mwishoni mwa miaka ya 1990, wakitaja usafi na sumu, mvuvi wa ufuo wa Dunga ambaye hajawahi kuiona Ulaya alilala na deni la mafuta ya boti.

Sasa nendeni mtaa wa Obunga, Kisumu. Hapo ndipo darasa la uchumi lilipo. Kiwanda kikishatoa minofu, kinachobaki ni kichwa, mkia na mifupa yenye nyama kidogo. Mama zetu wanavinunua, wanavikaanga kwenye karai, wanauza. Tunaita mgongo wazi, tunacheka, tunakula. Lakini jamani, samaki ni wa ziwa letu, na sisi ndio tunaogombania mgongo! Hata huo mgongo una washindani, maana wasagaji wa chakula cha mifugo wanautaka pia, kama wanavyoitaka omena, yaani dagaa. Kuku wa mtu Nairobi anashindana na mtoto wa Obunga kwa samaki mmoja.

Juu ya hayo likaja gugumaji. Mwaka 1998 lilifunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, mashua zikafungiwa ufuoni. Kenya yenyewe ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa lote, na sehemu yetu kubwa ni ghuba hiyo hiyo isiyo na kina. Pia kuna mambo ya ufuoni yanayosemwa kwa kunong'ona. Mwanamke asiye na mashua analazimishwa kutoa mwili ndipo auziwe samaki, mambo ya jaboya. Ukimwi ukapitia humo, ukazika wenye nguvu, ukatuachia mayatima na mashamba yasiyo na mlimaji. Anayeandika sababu za umaskini wa Nyanza akaruka hapo, hajaandika.

Pamba sina mengi ya kusema. Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI, na wakulima waliokilisha. Soko likafunguliwa miaka ya 1990, mitumba ikaingia, mitambo ikanyamaza. Leo shati mnanunua mtumba soko la Kibuye.

Miwa ndiyo ninayoijua, kwa sababu nilikuwa karani katika chama cha wakulima, na karatasi za malipo zilipita mkononi mwangu. Kiwanda cha Miwani kilianza mwaka 1922. Muhoroni na Chemelil vikafuata miaka ya 1960, Mumias mwaka 1973. Vilijenga shule, vilisomesha watu. Baadhi ya walimu wenu walisoma kwa fedha ya miwa. Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2001, Mumias mwaka 2019. Magazeti husema ni wizi, ni sukari ya magendo, ni siasa. Ni kweli, vyote vilikuwepo. Ila mimi naanzia chini zaidi, kwenye ile karatasi.

Muwa unakaa shambani mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine miwili. Kiwanda kinakulimia, kinakupa mbegu na mbolea, kinakata, kinabeba, na kila kitu kinaandikwa kwenye deni lako pamoja na riba. Trela likichelewa, miwa iliyokatwa inakauka kando ya njia na uzito unapungua. Hasara hiyo ni ya nani? Ni yako, kwa sababu unalipwa kwa tani inayosomwa kwenye mizani ya kiwanda. Mizani si yako, trela si lako, bei hukupanga, na siku ya kulipwa hujui. Nimeona mkulima akipokea karatasi baada ya kungoja karibu miaka miwili, akageuza nyuma kutafuta kiasi chake, kumbe mstari wa mwisho ulisema yeye ndiye anayedaiwa. Na shamba lote lilikuwa miwa mpaka mlangoni, hana hata mstari wa mihogo. Unga alinunua dukani kwa mkopo. Mtu huyo utamwita mvivu?

Ardhi nayo imekatwakatwa. Sensa ya 2019 ilihesabu kaunti ya Vihiga zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba, na hao bado wanaitwa wakulima. Huku Kano hatujafika hapo, lakini tunaelekea. Nasi wenyewe tunaiharakisha kazi. Mgonjwa akiwa hospitalini hatuna fedha; akifa tunapata ng'ombe, mahema, vipaza sauti na magari ya kukodi. Nimehudhuria mazishi yaliyouza shamba. Hilo halikuletwa na mkoloni.

Basi turudi kwa pikipiki. Siidharau; imelisha nyumba nyingi ambazo miwa ilizikimbia. Lakini itazameni kwa macho yale yale. Ukiichukua kwa mkopo, hati ya umiliki inakaa kwa mkopeshaji mpaka shilingi ya mwisho. Ukiendesha ya mtu, hesabu yake haijui mvua wala maandamano. Bei ya petroli inatangazwa Nairobi kila tarehe 14 ya mwezi. Nauli nayo inateremka kila anapoongezeka kijana mwingine kwenye kituo, na wanaongezeka kila wiki. Kisha jioni mikopo ya simu inaanza kupiga kengele. Mmehama kutoka mizani moja hadi nyingine.

Na huyo mtu wa karatasi anataka nini? Miwa hukodiwa kwa mmea wa kwanza na machipukizi mawili, yaani karibu miaka mitano. Ninyi mnajua kuliko mimi pikipiki ya kazi, ya kubeba abiria watatu na gunia la mkaa, inadumu muda gani. Itakuwa chuma chakavu na shamba bado halijarudi.

Sisemi msikodishe kamwe. Mwenye ekari nyingi anaweza kutoa kipande. Ninasema sehemu ya chakula isiguswe, ile inayozunguka nyumba, na ikiwezekana izidi hapo. Tazameni mama wa mboga anayetoka Ahero alfajiri na osuga, dek na apoth kuelekea Kibuye. Fungu amelifunga mwenyewe kwa mkono wake. Bei anaitaja yeye, anaipunguza yeye mchana ukifika, na fedha anarudi nazo siku hiyo hiyo. Faida yake ni ndogo, sitawadanganya. Lakini hakuna anayemwandikia deni asilolijua. Mkitaka kufuga samaki wa vizimba, ambao nasikia mnawataja, ulizeni kwanza chakula chao kinatoka wapi na nani anapanga bei yake, na ni nani atakayebeba hasara maji yakikosa hewa, maana samaki wa vizimba wamewahi kufa kwa wingi katika ziwa hili.

Mkifanya kikundi, daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, na anayeshika fedha asiwe yule yule anayeshika kalamu. Nimeona vyama vingi vikifa kwa kukosa jambo hilo dogo tu.

Kuhusu sahihi, sikilizeni vizuri. Hati nyingi za mashamba yetu bado zina jina la babu aliyekwisha kufa. Kama mirathi haijapitia mahakamani, baba yako hana uwezo wa kukodisha, sembuse wewe, na kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa kisheria. Zaidi ya hapo, kukodisha shamba la kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Bila idhini mkataba huo ni batili, hata kama fedha mmeshazila. Mtu anayekwambia bodi haina haja, anakwambia hivyo kwa faida yake.

Kwa hiyo kabla ya lolote, mmoja wenu aende ofisi ya ardhi Kisumu akaangalie jina lililo kwenye hati. Kisha mwiteni huyo mtu. Aje mchana, aje na nakala mbili, asome kila mstari mbele ya watu, aseme mizani itakuwa wapi na malipo yatatoka lini. Na mwambieni mapema kwamba mama zenu na dada zenu watakaa kwenye kikao hicho, na watauliza maswali.

Mimi babu yenu,
karani mstaafu, Ahero