“Fundi, nipigie tu vanishi juu”: kwa nini mara nyingi tunakataa

Ujumbe wa namna hii huingia kwenye simu ya karakana yetu ya kufufua samani karibu kila wiki. Picha ya kabati au seti ya makochi iliyopigwa usiku, na chini yake: “Fundi, nimelipata kwa bei ya kutupa. Sitaki gharama. Nipigie tu vanishi juu ling’ae.” Tukijibu kwamba hatupaki vanishi juu ya vanishi kabla hatujakiona kitu chenyewe, wapo wanaodhani tunatafuta namna ya kupandisha bei. Bei kweli hupanda. Kazi kubwa ya kufufua samani ya zamani ni kuondoa kilichopo, kupaka ni ya mwisho na ndiyo nyepesi. Kopo la vanishi ni sehemu ndogo ya gharama. Unachotulipa zaidi ni mikono ya mtu anayesugua tangu asubuhi.

Vanishi mpya hushika kile kilicho chini yake, basi. Kama chini kuna mbao safi, itashika mbao. Kama kuna mafuta ya nywele yaliyokolea kwenye kichwa cha kitanda, au mafuta ya kupikia kwenye kabati la jikoni, au zile polishi za kupuliza zenye silikoni, itashika mafuta, na mafuta hayashiki kitu. Utaona vishimo vidogo vidogo vya mviringo papo hapo brashi ikipita, au hutaona chochote hadi miezi michache baadaye vanishi ianze kubanduka kwa vipande ukipitisha kucha.

Kuna na hili ambalo wateja hawalitarajii. Vanishi ya mafuta, ile ya brashi inayokauka polepole, haielewani na laka ya kupuliza. Laka huchanganywa na thina kali, kile kiyeyushi chake. Ukiipuliza juu ya vanishi ya mafuta ya zamani, thina inaila ile ya chini, inavimba, na uso wote unakunjamana. Hapo hakuna dawa ila kukwangua vyote viwili, na mteja atalipa mara mbili kwa kazi ambayo angelipia mara moja.

Halafu lipo jua. Meza iliyokaa barazani au karibu na dirisha kwa miaka, mwanga wa jua huvunja mshiko kati ya mbao na vanishi yake. Kwa macho bado inaonekana nzima, ila imeshaachia. Ukipaka juu, unamvisha koti mtu anayevua shati.

Mara nyingi tunakataa, lakini si mara zote. Kama vanishi ya zamani bado ni ngumu, haijapasuka na haibanduki, tunaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, tunaikausha vizuri, tunaipitishia msasa laini namba 320 ili ipoteze mng’ao, kisha tunaongeza mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya vanishi ya aina ileile. Hiyo ni kazi ya bei nafuu na tunaifanya kwa furaha. Shida ni kujua ni aina gani. Jaribu mwenyewe nyumbani: lowesha pamba kwa spiriti, igandamize kwa dakika moja mahali pasipoonekana, tuseme nyuma ya mguu wa meza. Ikinata na pamba ikatoka na rangi ya kahawia, hiyo ni polishi ya kizamani inayoyeyuka kwa spiriti, ileile inayoacha duara jeupe ukiweka kikombe cha chai ya moto. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina ya laka. Ikilainika, ni laka. Vyote viwili vikishindwa, ni vanishi ya mafuta au ile ya kuchanganya kopo mbili, na hiyo hutoka kwa jasho.

Sasa, kabla ya vanishi kuna swali kubwa zaidi ambalo wengi hutuuliza baada ya kununua badala ya kabla: je, hiki kitu kinastahili? Karakana yetu ipo Dar es Salaam, na humu mjini samani za mtumba zinatoka kila upande. Ofisi inahama, mgeni anarudi kwao, familia inagawana vitu vya mzee, dalali anapita na kirikuu limejaa. Katika mzigo mmoja utakuta mninga halisi umekaa bega kwa bega na chipubodi iliyovikwa karatasi yenye picha ya mbao, na vyote vimepangiwa bei moja. Usiangalie uso, uso unadanganya. Toa droo, ipindue, angalia sehemu ya chini na mgongo ambako fundi hakujisumbua kupamba. Angalia pembeni ya ubao wa meza: mistari ya mti ikifika ukingoni na kuendelea hadi kwenye ncha, hiyo ni mbao kamili. Mistari ikikatika ghafla na pembeni ukaona unga uliogandishwa au tabaka tabaka, hiyo ni chipubodi, MDF au plaiwudi.

Mninga ukiupata, nunua. Haupindipindi ovyo, moyo wake unastahimili wadudu, na ukisugua vizuri rangi yake ya hudhurungi yenye wekundu inarudi kana kwamba haikuwahi kwenda popote. Mkongo na mvule pia ni mali. Mtiki ni mali yenye masharti, kwa sababu una mafuta yake ya asili, na lazima uso ufutwe kwa thina muda mfupi kabla ya gundi au vanishi, la sivyo havishiki. Paini, mbao nyeupe nyepesi zinazotoka Mafinga na Sao Hill, si mbaya, ila wanaopenda kuipaka nyeupe wajue kwamba macho ya matawi hutoa utomvu, na baada ya muda madoa ya njano hupenya rangi. Tunayaziba kwanza. Anayekuambia si lazima, mwombe dhamana.

Chipubodi iliyovimba kwa maji hatuipokei. Ikishavimba hairudi, skrubu hazikai, na vanishi haina mahali pa kuingia. Kabati la melamini, yaani chipubodi yenye uso laini kama plastiki, ambalo bado ni kavu na imara linaweza kupakwa rangi, si vanishi, kwa kukwaruzwa kidogo na kuwekewa rangi ya kwanza inayong’ang’ania nyuso laini. Tutakueleza wazi kama gharama hiyo inazidi thamani ya kabati lenyewe. Mara nyingi inazidi.

Ombi moja kwa wenye vitu vya kale hasa: kasha la Zanzibar lenye misumari ya shaba, kiti cha enzi cha pwani, samadari ya bibi, yaani kitanda cha kale. Msivilete visuguliwe viwe vipya. Thamani yake imo katika ule ukongwe, na msasa wa mashine unaweza kuimaliza kwa nusu saa. Vitu hivyo husafishwa, hukazwa viungo, hupakwa nta, basi. Kijana yeyote akikuahidi kukifanya king’ae kama cha dukani, chukua kitu chako uondoke.

Viungo ndivyo tunavyoanza navyo tukishapokea mzigo. Kiti kikiyumba, vanishi haikisaidii. Shika mgongo wa kiti, kisukume mbele na nyuma. Kikicheza, gundi ya zamani imekufa, na dawa yake ni kukifungua, kukwangua gundi yote, kutia mpya na kukibana hadi kesho yake. Misumari inayopigwa pembeni “kukaza” ndiyo inayoupasua ulimi wa kiungo na kugeuza kazi ndogo kuwa kubwa. Tunaomba sana, msipige misumari kabla hamjatuletea.

Wadudu nao. Vitundu vidogo kwenye mbao si tatizo vikiwa vya zamani. Tatizo ni unga mpya, laini, unaoanguka chini ya vitundu. Weka karatasi nyeusi chini ya kabati usiku mmoja, asubuhi utajua. Wadudu hao hupenda ile sehemu nyeupe ya mti iliyokuwa karibu na gome, na tunawatibu kwa dawa ya boraksi kabla ya kupaka chochote, maana haipenyi kwenye vanishi. Kwa makochi adui ni kunguni. Chunguza mishono, chini ya kitambaa cha upande wa sakafuni, na kwenye kona za fremu, ukitafuta vidoa vyeusi kama vya wino. Kuanika juani peke yake hakutoshi, joto halifiki ndani ya fremu walikojificha, na wanaweza kukaa miezi bila kula. Kochi lenye dalili hatuliingizi karakanani hadi livuliwe kitambaa na sponji nje na fremu ipigwe dawa. Fremu ikiwa ya mbao ngumu, inafaa kuisumbukia. Ikiwa ya mabaki ya mbao za ujenzi, acha.

Ukitaka kupunguza gharama, fanya sehemu ya kazi mwenyewe. Ng’oa vishikizo, bawaba na vioo, weka skrubu kwenye mfuko wenye alama. Sugua kwa kufuata mistari ya mti, usikatize, maana mikwaruzo ya kukatiza haionekani hadi vanishi iingie ndipo inapojitokeza yote. Anza na msasa namba 80 au 100, endelea na 120, malizia na 180 au 240. Ukiruka hatua utasugua zaidi, si kidogo. Kama uso una vinia, yaani tabaka jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao ya kawaida, usiguse namba 80 kabisa, utatoboa. Vaa barakoa: vumbi la mninga huwasha pua na kifua kwa watu wengi. Na kama ni rangi ya zamani sana usiyoijua umri wake, usiisugue ikiwa kavu, na watoto wasikaribie. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Iletwe kwetu, tuiondoe ikiwa na unyevu.

Matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyakunje na kuyatupa kwenye kona. Hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke.

Kuhusu muda: kati ya Machi na Mei, masika yakiwa yamekolea, tunaongeza siku. Hewa ya Dar wakati huo imejaa maji. Thina inapokimbia inapoza uso wa mbao, unyevu unagandia humo, na laka inageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Tunasubiri saa za mchana kukiwa na jua, au tunatumia thina inayokauka taratibu. Mteja anayetaka kabati lake kesho katikati ya mvua ndiye tunayegombana naye zaidi. Na hata likishafika nyumbani, vanishi ya mafuta inahitaji wiki kadhaa kukomaa. Msitandike kitambaa cha plastiki mezani siku ya kwanza, kitaganda.

Wengi wanaotuletea kitu kimoja huishia kuuliza kuhusu sebule nzima. Kwa wapangaji, na wateja wetu wengi ni wapangaji, ushauri wetu ni kwamba pesa iende kwenye vitu utakavyopakia siku ya kuhama. Umeshalipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kisha umwekee mwenye nyumba dari ya jasi na vigae? Chagua kitu kimoja kizuri cha mbao, meza au kabati, kifufuliwe sawasawa, vingine vyote vikae kimya pembeni yake. Ukuta upake rangi ya maji ya rangi moja tulivu. Mapazia yaning’inizwe juu, karibu na dari, yashuke hadi sakafuni, na chumba kitaonekana kirefu bila kuongeza dirisha. Mito ya kochi ishonwe kwa kitenge au kikoi, lakini kitambaa kifuliwe kwanza kwa sababu kinapungua na vingine huchuja rangi. Mkeka wa ukili sakafuni ni nafuu kuliko zulia na haufichi vumbi.

Balbu watu hawaifikirii, na ndiyo nafuu kuliko vyote. Ile nyeupe yenye ubuluu, inayoandikwa 6500K kwenye boksi, huufanya mninga uonekane wa kijivu na uliochoka. Weka ya 3000K yenye mwanga wa njano, uone rangi ya mbao inavyoamka. Kuna wateja waliotaka tuwabadilishie rangi ya kabati zima, tukawaambia wabadilishe balbu kwanza, na kazi ikaishia hapo.

Ukitaka tukupe bei, tutumie picha za mchana, zisizo za usiku: mbele, mgongo, droo ikiwa imetolewa na kupinduliwa, na mahali palipoharibika kwa karibu. Andika kama kilikaa ndani au barazani, na kama unajua kiliwahi kupakwa nini. Kama bado hujanunua, tuma picha hizohizo kabla hujamlipa dalali, kuuliza ni bure. Pima pia upana wa mlango wako na kona ya ngazi. Kabati la milango mitatu lililotengenezwa zamani bila skrubu halifunguki vipande, na kirikuu likishafika chini ya ghorofa ya tatu, bei ya kulirudisha ni ileile ya kulileta.