Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuishi kwa kamera

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mama yako akiwa pembeni, kwa hiyo lile la "Anko, usimwambie mama" limeshapita. Hajakasirika kama unavyodhani. Ameuliza tu kile alichouliza bibi yako enzi zangu: kwani picha ni kazi?

Umeniuliza kama mtu anaweza kula kwa kupiga picha. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza. Hapa Korogwe kila baada ya mahafali ya kidato cha nne huja vijana dukani kwangu na swali hilohilo. Picha ulizonitumia kutoka huko Morogoro, zile za ukungu juu ya milima ya Uluguru, nimezitazama vizuri. Ni nzuri, una jicho. Ila mji mdogo haununui ukungu, na ukitaka kula kwa kamera lazima tuanzie hapo.

Mimi nilianza kwa kuokota. Nyuma ya studio ya mzee mmoja pale Manundu kulikuwa na jalala, na ndani yake vipande vya mikanda iliyoharibika. Tulivishika juani tukashangaa watu weusi wamekuwa weupe na mashati meupe yamekuwa meusi. Wenzangu walichoka haraka wakarudi kwenye mpira. Baadaye babu yako mdogo, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge, akaniachia Yashica MF-2 yake. Ile kamera haikuwa na mambo mengi: unaweka kasi ya mkanda, unainua flashi kukiwa na giza, unabonyeza. Mkanda ulikuwa na picha 36 na kila moja ilikuwa hela ya mtu, tena kuusafisha ni mpaka uende Tanga kwa basi. Ninyi mnapiga mia mbili za chakula kabla hakijapoa. Sikulaumu, lakini ile 36 ilinifundisha kutazama kwanza.

Mzee wa studio alinipokea kama kijana wa kufagia. Kuna pazia lilikuwa limechorwa ndege na ghorofa, na siku ya Idi watoto walipanga foleni hadi barabarani wakiwa na nguo mpya na miwani ya plastiki. Biashara hiyo simu imeizika.

Kilichonilea ni picha za paspoti. Najua ungependa nikuambie ni harusi, au habari za mpiga picha wa habari Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam akaanza utotoni na kamera ya Box Brownie ya mtumba, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaitikisa dunia. Huyo tunamtaja sana, na anastahili. Mimi namfikiria zaidi Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifunza mwenyewe, akafungua studio kwenye mji wa vichochoro, akawa anakata sura za wateja kwa mkasi na kuzipachika kwenye picha nyingine muda mrefu kabla ya kompyuta kutufikia. Alibaki mji wake, na watu wa mji wake ndio waliomlisha. Basi na mimi watu wangu walitaka paspoti: fomu za shule, barua za kazi, mkopo wa kikundi. Hata leo, ingawa kitambulisho cha taifa cha NIDA unapigwa picha hapohapo kituoni, kodi ya duka langu inalipwa na watu wanaokaa kwenye stuli mbele ya ukuta wa bluu.

Usiidharau stuli hiyo. Mtu akikaa, uso wake unabaki wazi kwa sekunde chache tu kabla haujajifunga. Ukichelewa kubonyeza umepata sura ya mshitakiwa. Unajifunza kuzungumza na mtu huku mkono unafanya kazi, kumnyoosha kola mzee bila kumvunjia heshima, kumwambia dada ashushe kidevu bila kumgusa. Nilipoanza kuitwa harusini, hayo yote nilikuwa nayo tayari.

Harusi nayo ina mtihani wake. Kamera haijui bibi harusi ni nani. Kipima mwanga chake kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, ni kijivu cha wastani. Ikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu, inapunguza mwanga, na uso wa binti wa watu unazama gizani. Ikiona suti nyeusi ya bwana harusi inafanya kinyume, jasho lake linameremeta na nyuma kote kunaungua. Kwa hiyo pima usoni, si kwenye nguo. Saa sita mchana watoe juani, waweke kwenye kivuli cha ukumbi wakielekea nje, au karibu na ukuta mweupe unaorudisha mwanga. Hapo ngozi nyeusi inatoka na rangi zake zote, na ni nyingi.

Hili la ngozi linaniuma, nikuambie ukweli. Fungua albamu ya bibi uone picha za rangi za zamani: marehemu babu ni meno na macho tu. Hakuwa mweusi kiasi hicho. Kwa miaka mingi Kodak ilisambazia maabara kadi za majaribio zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na mitambo ikasawazishwa kwa ngozi yake. Sisi tulitoka kama tulivyotoka. Kwa hiyo mtu akikuomba "unitoe mweupe", na watakuomba kila wiki, mtoe kwanza alivyo, tena vizuri, halafu mwonyeshe. Wengi wanaacha kuomba.

Kuhusu hela sitakuficha: kazi hii ina njaa ya msimu. Kwaresima Wakristo hawaoi, Ramadhani Waislamu hawaoi, na mwaka 2026 vyote viwili vilianza wiki moja. Baada ya Idi na Pasaka kunafumuka, Desemba hulali. Kianzio chukua kabla ya sherehe, maana kamati ya harusi ikishavunjwa hakuna wa kumdai.

Kuna simu nyingine zinazokuja bila msimu. Mtu amefariki, familia inatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, na kwenye simu zao zote hakuna yenye uso ulio wazi. Wanakuja kwangu. Mara nyingi ninayo, ile ya bluu, ya fomu ya mkopo. Kwa sababu hiyo sifuti faili la mtu. Ninaandika jina na mwaka, nahifadhi kwenye diski mbili, moja dukani na nyingine nyumbani kwa mama yako.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuuliza. Nimepiga harusi nyingi za mkoa huu, na nusu ya kila harusi sijawahi kuiona. Usiku wa hina, singo, kichen pati, zote shughuli za wanawake watupu: mlango unafungwa, na mimi nakaa nje na madereva nikila pilau. Ndani kuna mapambo, kanga za sare, mama wa bibi harusi analia na kucheza kwa wakati mmoja, nimesimuliwa. Zamani walikubali kukosa picha. Siku hizi wanazitaka, lakini wanataka mwanamke, na wanataka mwanamke ambaye akizipiga, picha hizo hazitaonekana kwenye simu ya mtu yeyote. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila kabla ya sheria kuna jina lako. Shughuli za kina mama naombwa na nazikataa kwa kukosa mtu wa kumtuma. Ukiwa na mdomo mzito, wewe utakuwa na kazi ambayo sisi wanaume wote wa mji huu hatuwezi kukunyang'anya.

Njoo baada ya Idi. Kamera yangu ya pili utaitumia, ya kwako usinunue kwanza, na hao wauzaji wa Kariakoo usiwasikilize wakikuambia lenzi fulani itakutoa kimaisha. Utaanzia kwenye stuli. Nitakulipa nusu ya kila paspoti utakayopiga, nauli ni juu yangu. Mama yako amekubali kwa sharti moja, ujaze pia zile fomu za chuo. Jaza. Zinataka picha nne, mandhari ya bluu.

Anko wako,
Korogwe