Asante, mama wa vitabu wa Kibuye

Mama uliyekuwa ukiuza vitabu kuukuu sokoni Kibuye, Kisumu, Jumapili ile ya mvua, jina lako sikuliuliza, na jambo hilo limenikaa rohoni. Nilikuja kutafuta nakala za The River and the Source, riwaya ya Margaret Ogola ya 1994, kwa darasa langu la mwaka wa kwanza la sosholojia. Nikakulalamikia kwamba wanafunzi huniletea muhtasari mtupu, tena wa kunakiliana.

Ukapangusa matone kwenye jalada kwa ncha ya leso yako, ukaniuliza, "Mwalimu, kwani wewe huwauliza nini?" Nikanyamaza. Ukasema niwaulize nani anarithi, nani anaamua, nani ananyamazishwa.

Niliandika zoezi upya usiku huohuo: tukio moja la riwaya, dhana moja ya sosholojia. Mwanafunzi mmoja akachagua pale Akoko, mjane, anapofunga safari hadi Kisumu kumshtaki shemeji yake kwa serikali ya kikoloni kwa kunyakua uchifu. Akatumia mgawanyo wa mwanasosholojia Mjerumani Max Weber wa mamlaka ya jadi na mamlaka ya kisheria, kisha, bila kuambiwa, akaandika kuhusu shamba la nyanyake. Mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills alitaka hilo tangu 1959, shida ya mtu mmoja isomwe kama suala la jamii. Nimeiandika fikra hiyo ubaoni miaka mingi. Siku hiyo niliiona ikitembea.

Nimerudi Kibuye Jumapili tatu nisikuone. Popote ulipo, mama, erokamano, asante kwa Kijaluo.