Historia ya Ng'ambo nayo ihifadhiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisikitisha kila inapotajwa historia ya mji wa Zanzibar: masimulizi huanzia Forodhani na kuishia Darajani, kana kwamba upande wa mashariki, yaani Ng'ambo, hapakuwa na watu.

Ng'ambo ilitenganishwa na Mji Mkongwe na mkono wa bahari ambao ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Huko waliishi wavuvi, mafundi, wachukuzi na watumwa walioachwa huru, ambao wengi wao walijenga nyumba zao wenyewe juu ya ardhi ya watu wengine: kuta za fito na udongo, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma ambako wanawake walipika na kufua. Nyumba ilikuwa yako, lakini kiwanja ulikilipia kodi. Mwaka 1928 kodi hiyo ilipozidi, watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa, wanawake wakiwa mstari wa mbele, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kuiwekea ukomo kwa sheria. Ushujaa huo siusikii ukisimuliwa kwa wageni wanaotembezwa mjini, na wala watoto wetu hawaujui. Huko huko Ng'ambo ndiko alikoishi Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 yalijengwa majumba ya Kikwajuni, kisha ya Michenzani, kwa michoro ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki, mengine yakinyooka karibu mita 300 toka mwanzo hadi mwisho na kukatiza katikati ya mitaa ya zamani. Familia nyingi zilipata makaazi bora, na hilo haliwezi kubezwa, ingawa nyumba nyingi za zamani zilibomolewa kuyapisha.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ni haki yake. Kwa kuwa sasa maghorofa yanazidi kuota Ng'ambo, naziomba mamlaka zinazohusika zisitoe kibali cha kubomoa nyumba yoyote ya zamani kabla haijapigwa picha, kuchorwa ramani yake na kuandikwa maelezo ya wazee waliokulia humo, na vilevile ziweke vibao vya majina ya mitaa, kuanzia Vikokotoni, Gulioni na Mwembetanga, angali wapo wanaoijua mipaka yake.

Mkaazi wa Miembeni,
Unguja