Kabla ya kumwaga udongo wa kaburi, chukueni sampuli

Mhariri,

Tangu Aprili 2023, zaidi ya maiti 400 zimefukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, na mwaka 2025 majembe yakarudi kazini kule Kwa Binzaro, kaunti hiyohiyo. Kila makaburi yanapofunguliwa, mazungumzo huwa ni miili na DNA ya jamaa. Udongo hausemwi. Naomba nafasi niutetee, maana ukishavurugwa na sepetu hakuna maabara itakayourudisha ulivyokuwa.

Mwili unapooza humwaga ardhini majimaji yenye amonia nyingi. Chumvi za udongo hupanda, pH (kipimo cha asidi) hubadilika, na vijidudu hupokezana nafasi: waliozoea udongo wenye chakula kidogo hupungua, bakteria wa utumbo wa binadamu kama Bacteroides huteremka na majimaji hayo, na minyoo midogo inayokula bakteria hufuata shibe. Mwili ukihamishwa, alama hii haihami nao. Kwa hiyo swali ambalo udongo hulijibu vizuri zaidi ni hili: je, hapa palilala maiti? Swali la pili, ni muda gani umepita, hulijibu kwa shida.

Kuhusu hilo la pili tusidanganyane. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulitumia miili 36 katika vituo vya Tennessee, Texas na Colorado, Marekani, ukakadiria muda tangu kifo kwa kukosea siku 3 hivi. Lakini miili ile ililazwa juu ya ardhi na kufuatiliwa kwa siku 21. Chini ya udongo hewa ni haba, nzi wengi hawafiki, na joto halipandi na kushuka kama juu. Kulisomea kaburi la miezi 10 la Kilifi saa ya Texas ni kumpa wakili wa utetezi ushindi wa bure, na atakuwa na haki.

Kazi yenyewe haihitaji mambo makubwa. Kabla ya kuchimba, chukua sampuli za kulinganisha sehemu tatu, kama mita 10 kutoka kaburini, upande wa juu wa mteremko ambako majimaji ya maiti hayakufika, kwa kina kilekile cha mwili. Mwili ukishainuliwa, kabla mtu hajakanyaga shimoni, kwangua sentimita 2 za udongo uliokuwa chini ya kichwa, tumbo na miguu, kila mahali kwa kijiko chake na glavu mpya. Gramu 50 zatosha. Maabara hutoa DNA kwenye robo gramu tu. Nyingine ni za kupimia pH, unyevu na nitrojeni, na nusu ibaki na lakiri ili utetezi upime wenyewe.

Kipimo kimoja cha bei nafuu husahauliwa: ninhidrini, kemikali ileile inayoibua alama za vidole kwenye karatasi. Hugeuka zambarau ikikutana na nitrojeni ya protini iliyooza, na kwenye udongo wa kaburi nitrojeni hiyo huweza kufika mara mbili ya ile ya udongo wa jirani. Ila zizi la mbuzi nalo huitikia, na hapo ndipo vijidudu vinapohitajika ili kutenganisha.

Kinachoharibu zaidi ni mfuko wa plastiki uliofungwa na kuachwa kwenye gari juani. Ndani ya muda mfupi bakteria wasiotaka hewa huzaliana, na maabara husoma habari za buti la gari. Sampuli iingie kwenye boksi la barafu papo hapo, kisha friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, au 80 ikipatikana. Kijiko kilichooshwa kwa jiki kisuuzwe na kukaushwa, kwani jiki iliyobaki huvunja DNA. Dawa ya kukata harufu isinyunyizwe kabla ya sampuli. Chupa moja tupu ifunguliwe palepale, ifungwe, ipimwe kama nyingine. Kitakachoonekana humo ni uchafu wetu wenyewe. Udongo mweusi wenye mboji nao huzuia kipimo, ukaonekana kama hauna kitu: zimua DNA iliyotolewa mara 10, urudie.

Kosa jingine huwapata hata wajuzi: kulinganisha kaburi na ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Kuchimba peke yake huingiza hewa na kuchanganya udongo wa juu na wa chini, na vijidudu hubadilika hata pasipo maiti. Ndiyo maana tunahitaji shamba la majaribio hapa Pwani: mashimo mawili mawili, moja lenye mzoga wa nguruwe, la pili limefukiwa tupu, kila jozi ifunguliwe kwa zamu yake baada ya miezi 1, 3, 6, 12 na 24, vipimajoto vikiwa vimezikwa kando. Masika na vuli zote zipite juu yake. Kusoma DNA si lazima kupelekwe Ulaya. Mashine zipo Nairobi, kwa mfano kwenye maabara za ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo.

Mpaka hapo, mtaalamu akisimama kizimbani aseme kama dalili za maiti zipo au hazipo, asitaje tarehe. Lakini sampuli zichukuliwe na kugandishwa tangu sasa. Kwa mwili uliohamishwa kabla wapelelezi hawajafika, doa hilo la udongo laweza kuwa kitu pekee cha kuwaonyesha jamaa mahali mtu wao alipolazwa.

Mtaalamu wa vijidudu vya udongo,
Kilifi